Padi Iliyoitwa Goti

Ofisini walimwita Taratibu, naye hakukasirika, maana jina lilimkaa. Wakaguzi wenzake katika Ofisi ya Usajili wa Ubunifu walikuwa wakimaliza mafaili mawili kabla ya chai. Yeye faili moja alilikalia siku tatu, akaligeuza huku na huku kama mtu anayechagua nyanya. Lakini faili likishafungwa na Taratibu, halikurudi tena mezani.

Hili la sasa alikuwa nalo kwa siku ya pili, na mkuu wake alishamwambia kwamba kesho saa sita mchana cheti kinasainiwa, awe amemaliza au hajamaliza. Ndiyo maana saa tatu asubuhi alikuwa ameshaketi kwenye stuli ya fundi redio, mfuko wa turubai mapajani, na ndani ya mfuko kitu chenyewe kinachogombewa.

Alikitoa akakiweka mezani kati ya redio mbili zilizofunuliwa matumbo.

Ilikuwa padi ya gemu, kile kidude anachoshika mchezaji ili kumwongoza mtu wa kwenye skrini. Padi nyingine hutosha viganjani. Hii ilikaa mapajani kama sinia. Mwili wake ulikuwa mbao mbili za plaiwudi, moja juu na moja chini, zilizoachana kwa kiasi cha kidole na kuunganishwa kwa mstari wa misumari midogo iliyopigwa pande zote kwenye fremu ya mbao iliyo katikati yake. Upande wa kulia ulifungwa gurudumu la mkono la cherehani. Ukilizungusha polepole, mtu wa kwenye skrini anatembea. Ukiliongeza kasi, anakimbia. Ukilirudisha nyuma, naye anarudi. Kushoto kulikuwa na vifungo vinne vikubwa vya koti, vya kubonyeza. Na kwa chini ulichomoza mkono wa chuma uliopinda, ambao ukiusukuma kwa goti, mtu anaruka. Ilifanya kazi na zile mashine za gemu za zamani, za kuchomeka kaseti, ambazo picha zake ni miraba mitupu na muziki wake unalia kama kengele ya baiskeli. Wachezaji wa chumba cha gemu cha mtaa ule waliiita Goti, na kila jioni walipanga foleni wakigombania zamu.

Watu wawili walisema Goti ni akili yao. Wa kwanza kuleta maombi alikuwa fundi redio. Wiki mbili baadaye akaja kupinga shemeji yake, mke wa kaka yake, ambaye ni mshonaji. Na hawa wawili walifanya kazi chumba kimoja, kimegawanywa kwa pazia la maua: huku redio, kule cherehani.

Mshonaji ndiye aliyekuwa na cha kupoteza. Macho yake yalikuwa yameanza kumgomea, uzi hauingii kwenye tundu la sindano mpaka auombe, na tangu Goti ipendwe alikuwa anapunguza nguo kidogo kidogo ili mbao na magurudumu ndiyo yawe kazi yake. Mwenye chumba cha gemu alishaagiza nyingine sita. Cheti kikitoka kwa jina la fundi, mshonaji asingeruhusiwa kutengeneza hata moja. Barua ya kumkataza ilikuwa imeshachapwa, imo ndani ya faili, inangoja muhuri tu.

Fundi redio hakuonekana mtu mwenye wasiwasi. Alikuwa mwembamba, mcheshi, penseli sikioni, na aliongea huku akipuliza vumbi kwenye redio. Alieleza kwamba wazo lilimjia bafuni, kwamba alilichora siku hiyo hiyo, na kwamba shemeji alimsaidia kukata mbao, basi, kwa kuwa ana meza kubwa.

Taratibu akamuuliza kuhusu gurudumu. Mbona ni la cherehani?

Fundi akacheka. "Dada mkaguzi, mtu akitengeneza kiti kwa tairi bovu, ndiyo ameshakuwa dereva? Lilikuwa kwenye boksi la takataka zetu hapo. Ningekuta feni, ningetumia feni."

Taratibu alikubali kwamba jibu hilo lina miguu. Wenzake ofisini wangeona gurudumu wakafunga faili. Yeye alijua kifaa kinaweza kutoka upande wowote wa pazia.

Tena fundi alikuwa na karatasi. Mchoro wa Goti, safi, umepigwa mistari kwa rula, juu yake kichwa cha habari kwa herufi kubwa, na chini tarehe ya mwezi wa pili. Goti yenyewe ilionekana mara ya kwanza kwenye chumba cha gemu mwezi wa tano, na mshonaji aliandika kwenye malalamiko yake kwamba alianza kazi mwezi wa tatu. Karatasi ikisema kweli, mama wa watu amechelewa.

Taratibu akaanza kumpitisha fundi kwenye Goti, kipande kwa kipande. Upande wa pili wa pazia cherehani ilikuwa ikikimbia, fundi akipaza sauti, inanyamaza, akishusha, inaendelea. Taratibu akajifanya hasikii.

Kuhusu nyaya fundi alijibu vizuri mno. Alieleza jinsi alivyobandika sumaku ndogo kwenye gurudumu ili kila zikipita mahali fulani mashine ihesabu, na jinsi alivyopata tabu kulehemu nyuma ya vifungo bila kuviyeyusha. Hapo hakutia chumvi hata chembe. Kwa nini kuruka kuwe kwa goti? Ili mikono isiachie kazi yake. Sawa. Kisha Taratibu akapitisha kidole pembeni, pale mbao zilipozidi mstari wa misumari na kufanya ukingo unaozunguka kifaa chote.

"Na huu ukingo?"

"Ahaa. Hapo ndipo penye akili, dada. Ni pa kupumzishia viganja. Ukicheza saa nzima huchoki."

"Pande zote?"

"Pande zote."

Taratibu akaandika. Halafu akauliza, kana kwamba ni jambo la kupitisha muda tu, kama angetengeneza ya pili angebadilisha nini. Fundi akaitazama Goti kama mtu anavyotazama picha yake ya harusi. Akasema hakuna. Labda angeweka taa nyekundu, ya urembo.

Akaandika hilo pia. Kisha akamsifu kwa mwandiko wa kwenye mchoro, na fundi akasema alijitahidi. Basi akaomba amwandikie anwani ya karakana, kwa ajili ya kumbukumbu. Fundi akachomoa penseli sikioni akaandika. Anwani ile ilitoka kama kuku amekanyaga wino akapita juu ya karatasi. Mkaguzi akamshukuru, akaikunja, akaiweka pamoja na ule mchoro wenye herufi zilizonyooka kama askari wa gwaride.

Hakuhitaji kutafuta mbali. Alipokuwa anaingia asubuhi alikuwa ameona kibao kipya juu ya duka la viatu hapo mtaani, na mchora vibao mwenyewe yuko kwenye ngazi anamalizia. Sasa alirudi akasimama chini ya ngazi, akatazama herufi R ya kwenye kibao, akatazama R ya kwenye mchoro. Zote zilikuwa na mguu mmoja umetupwa mbele, kama mtu anayetaka kupiga mpira.

Mchora vibao ndiye aliyekuwa kaka wa fundi, na ndiye mume wa mshonaji. Taratibu alipomwonyesha karatasi, mtu yule alishuka ngazi moja moja, akafuta mikono kwa kitambaa mpaka kitambaa kikakosa upande mkavu.

Hakubisha. Alisema mdogo wake alimwomba amchoree kile kifaa mwezi uliopita, kikiwa mezani, akamwambia ni cha tangazo. Akachora alichokiona, maana hiyo ndiyo kazi yake. Tarehe hakuiweka yeye.

Taratibu akamuuliza, kwa ukamilifu wa kazi, kama huenda wazo lilikuwa lake mwenyewe, na hao wawili wanagombania mali ya mtu wa tatu. Akampa Goti aishike. Mchora vibao akaigeuza, akaigeuza tena, mwishowe akaishika kwa ule mkono wa chuma kama mtu anashika kikaango, akasema siku zote alidhani ule ni wa kutundikia ukutani.

Hilo likafutwa kwenye daftari.

"Kwa nini hukumwambia mkeo kuhusu mchoro?"

Mtu yule akatazama kibao chake, akatazama viatu vyake. "Dada yangu, mmoja nalala naye kitanda kimoja, mwingine tumenyonya ziwa moja. Nikifungua mdomo, nile wapi?"

Taratibu hakucheka, ila aliinamisha kichwa kwenye daftari kwa muda mrefu kidogo. Jibu lilikuwa la kweli, lakini halikutosha. Ushahidi wa mume kwa mke wake, ofisini kwao, haukusimama peke yake. Tena fundi angeweza kusema kwamba wazo alikuwa nalo kichwani tangu mwezi wa pili, akachelewa tu kulipatia mchoraji. Tarehe ya uongo ingemharibia sifa. Isingesema Goti ni ya nani. Kulijua hilo kulihitaji Goti yenyewe ijieleze.

Akarudi karakana, safari hii akapita upande wa cherehani.

Mshonaji alikuwa na pini tano mdomoni na gauni la bluu nusu limekatwa mbele yake. Hakulalamika, hakumsema vibaya shemeji yake. Aliondoa pini moja moja, akazichomeka kwenye kimto cha pini kilichofungwa mkononi, ndipo akamkaribisha mkaguzi kiti. Alisema wazo lilitokana na vidole gumba. Alikuwa akicheza gemu kidogo kila akimaliza nguo, na zile padi ndogo zilimuuma vidole, wakati mkono wake umezoea gurudumu miaka ishirini na goti lake limezoea kunyanyua mguu unaobana kitambaa kwenye mashine kubwa ya kiwandani alikoanzia kazi. Akajiuliza kwa nini asicheze anavyoshona.

Maelezo mazuri, lakini maelezo mazuri hata fundi alikuwa nayo. Taratibu akaomba karatasi ya kukatia. Hakuna, alisema mshonaji. Alikatia kwenye gazeti, na gazeti likawashia jiko. Kuna mtu aliyemwona akikata? Hakuna, fundi alikuwa amesafiri kumwona mgonjwa, naye alitumia nafasi hiyo kuazima msumeno wake bila kuomba. Mchoro wa kwanza? Yeye hachori, yeye hupima na kukata.

Mkono mtupu, basi. Mkaguzi akamwekea Goti juu ya gauni la bluu, akauliza swali lile lile, kwa sauti ile ile ya kupitisha muda.

"Ukitengeneza ya pili, utabadilisha nini?"

Mshonaji hakufikiri hata kidogo. "Kwanza nitaondoa hii aibu."

"Aibu gani?"

"Hii hapa ya pembeni." Akaugonga ukingo kwa ukucha, akashusha sauti na kutupia pazia jicho. "Lakini usimwambie huyo wa huko."

Taratibu akavuta kiti karibu.

Mshonaji akaeleza kwa kunong'ona. Siku ile aliweka gazeti juu ya plaiwudi, akazungushia chaki. Kisha mkono wenyewe, bila kumuuliza, ukarudi ukaongeza nusu inchi pande zote, kama unavyofanya kwenye kitambaa kila siku ya Mungu, ili mshono upate pa kukaa. Akakata ubao wa mbele. Akakata wa nyuma. Akatia na vikato viwili katikati, vya kuoanisha mbele na nyuma. Alipoziweka mbao mbili pamoja ndipo akashtuka kwamba ameacha nafasi ya kushona mbao.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," alisema. "Mke wa mtu, miaka ishirini kwenye kazi, nataka kushona plaiwudi."

"Mbona hukupunguza?"

"Msumeno ulishavunjika jino. Nikaurudisha mahali pake nikanyamaza. Huyo shemeji yangu alipokuja kufunga nyaya akaniuliza huu ukingo wa nini. Ningemwambia kweli? Angenitania mpaka anizike. Nikamwambia ni wa kupumzishia viganja."

Kalamu ya Taratibu ikasimama. Akamwomba arudie maneno hayo ya mwisho, naye akayarudia, na mkaguzi akayaandika vile vile yalivyotamkwa. Kisha akafungua kurasa tatu nyuma, akasoma jibu la fundi. Yalifanana kama sahani za seti moja.

Hata hivyo hakufunga daftari. Akaomba tepu ya kupimia. Akaanza kwenye kona ya kushoto: kutoka msumari hadi ukingoni, nusu inchi. Juu, nusu inchi. Chini ya gurudumu, ambako hakuna kiganja kinachoweza kufika bila kusagwa, nusu inchi. Pale waya unapotokea, nusu inchi. Akatafuta vikato, akavikuta, kimoja juu na kimoja chini, vidogo, vya pembe tatu, mbele vinaoana na nyuma. Asubuhi alikuwa amedhani ni mbao imemeguka. Halafu akapima gauni la bluu lililokuwa mezani. Kutoka kwenye mstari wa chaki hadi kwenye ukingo wa kitambaa, nusu inchi. Katikati ya kiuno, kikato cha pembe tatu.

Aliitazama tepu ile ya manjano, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyemaliza kula akashiba. Kisha akainuka akavuta pazia.

Fundi redio alikuwa amesimama karibu mno na pazia hilo kwa mtu anayesemekana kuwa kazini. Taratibu akampa Goti, akamwomba kwa adabu aonyeshe jinsi kiganja kinavyopumzika pale chini ya gurudumu. Fundi akaweka mkono, gurudumu likamgonga. Akageuza mkono. Akageuza Goti. Akajaribu kwa nyuma, penye waya, akawa kama mtu anayejaribu kujikuna mgongoni.

"Pande zote, ulisema."

"Labda... kwa mtu mwenye mkono mdogo."

"Shemeji," mshonaji akasema kutoka kwenye kiti chake, na sauti ilikuwa ya kucheka kuliko ya kukasirika. "Acha kujiumiza. Ni nafasi ya mshono."

Ilichukua muda maneno hayo kufika. Fundi akatazama ukingo, akatazama gauni mezani, akaona mstari wa chaki. Mdomo ukafunguka, mabega yakaanza kutikisika, na mara akawa anacheka mpaka akashika nguzo ya mlango. Alisema amewaeleza watu mtaa mzima habari za viganja. Alisema mwenye chumba cha gemu alimpa hadi mkono. Alipomaliza kucheka akafuta macho, akakaa, na hapo uso ukabadilika, maana mkaguzi alikuwa bado amesimama na daftari mkononi.

Akaeleza bila kuulizwa mara mbili. Alikwenda ofisini kuuliza tu namna kazi kama ile inavyosajiliwa. Karani akamsukumia fomu, penye jina pana mstari mmoja, akaandika jina lake kwa sababu yeye ndiye aliyesimama pale. Alikusudia kumwambia shemeji. Lakini kabla hajamwambia, watu walianza kumpongeza njiani, na pongezi zilikuwa tamu. Shemeji alipopinga, yeye akaona aibu kurudi nyuma, akatafuta mchoro, akaweka tarehe.

"Nyaya ni zako," Taratibu alisema. "Hilo hakuna anayekunyang'anya, na kuna fomu yake ya peke yake. Umbo la Goti si lako. Tarehe uliyoiweka nitaiandika kwenye ripoti kama ilivyo, siwezi kuifuta. Ila ukijiondoa sasa hivi kwa mkono wako, na hilo nitaliandika pia, na mkuu atayasoma yote mawili pamoja."

Fundi akauliza atie sahihi wapi.

Kazi iliyobaki ilikuwa ya karatasi, na Taratibu aliifanya bila haraka kwenye meza ya kukatia, gauni la bluu likiwa limesogezwa pembeni. Fundi aliandika maneno ya kujiondoa kwa mwandiko wake wa kuku, akatia sahihi. Mkaguzi akafungua fomu mpya, kwenye mstari wa mbunifu akaandika jina la mshonaji, herufi moja moja, akamgeuzia alisome. Mshonaji alilisogeza mbali na macho, akalirudisha karibu, akalisoma kwa midomo. Akaomba alisome tena. Kisha mkaguzi akachomoa ile barua ya kukataza, akaipiga mistari miwili ya kukatiza na kuandika katikati "Batili", pamoja na tarehe ya siku hiyo, tarehe ya kweli.

"Kwa hiyo naweza kukata?" mshonaji aliuliza.

"Hata sasa hivi."

Mshonaji akainuka. Alikunja gauni la bluu, akaliweka kwenye kapu, akavuta ubao mpya wa plaiwudi kutoka nyuma ya mlango na kuulaza mezani. Ulikuwa mrefu, upande mmoja ukaning'inia nje ya meza ukitaka kuanguka. Fundi redio alikuwa bado amesimama kwenye mstari wa pazia, hayuko huku wala kule, mikono haijui pa kukaa.

Tangu malalamiko yaingie ofisini, wiki ya tatu sasa, wawili hawa walikuwa wakitumiana salamu kupitia kwa mchora vibao. Mshonaji alichukua chaki, akapima kwa jicho, kisha, bila kumtazama, akasema, "Shemeji, shika huko."

Fundi akavuka, akashika.